Amekunywa nini kabla ya kuja hapa?

Chuoni tulifundishwa kumuuliza mgonjwa maswali mengi: umeanza kuumwa lini, unatapika, unaharisha, homa inapanda usiku au mchana. Moja halikuwemo: kabla hujaja hapa umetumia dawa gani ya kienyeji, na nani kakupa. Nimekuwa nesi katika zahanati za vijijini upande wa Bagamoyo tangu enzi za klorokwini mpaka nilipostaafu, na hilo ndilo swali ambalo ningemwachia kila anayeanza kazi. Likijibiwa kwa ukweli, unaiona njia nzima aliyopita mgonjwa: nani alimwona kwanza, siku ngapi zimekwenda bure, nyumbani kwake nani ana kauli ya mwisho, na wewe mwenyewe anakuamini kiasi gani.

Watu wakizungumzia kuunganisha tiba asili na tiba ya hospitali, aghalabu wanawaza kuchanganya dawa: mizizi na vidonge katika kikombe kimoja, au mganga kupewa meza yake pale wanapoonwa wagonjwa wa nje. Niliyoyaona mimi yalikuwa madogo kuliko hayo, na kuyafanya kulikuwa kugumu zaidi. Ilikuwa ni kupatana nani aanze, nani amkabidhi mwenzake na saa ngapi, na mgonjwa apate ujasiri wa kusema bila kutukanwa.

Maana matusi yalikuwepo. Mama analeta mtoto mwenye kamba nyeusi mkononi, kifua kimepakwa masizi, ananukia mafusho tangu mlangoni. Nesi wa zamu anachukua mkasi wa bandeji, anaikata kamba mbele za watu na kuitupa kwenye ndoo ya taka. "Si ungebaki huko huko kwa mganga wako?" Mama anainamisha kichwa. Ukimuuliza kampa mtoto nini, anasema Panadol tu. Hutapata tena neno la kweli kutoka kwake, na yule aliyekaa naye kwenye benchi, aliyekuwa akisikia yote, ameshajua la kujibu zamu yake ikifika.

Nilikolijua vizuri jambo hili ni kwenye degedege, kwa hiyo hapo nitakaa kidogo.

Kwetu pwani mtoto akipandwa na homa, akakakamaa, macho yakageuka na povu likamtoka mdomoni, hilo ni degedege, na wazee hawakulihesabu kuwa malaria. Malaria ni homa ya mbu na dawa yake iko zahanati. Degedege ni jambo la upepo, kuna shetani apitaye usiku kama ndege juu ya paa, na dawa yake iko kwa mganga. Likaja na sharti lake: mtoto mwenye degedege asichomwe sindano. Akichomwa, anakufa.

Wenzangu walilicheka sharti hilo. Mimi nililiona lina hesabu ndani yake. Mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani akicheleweshwa nyumbani, akaletwa amezimia, akatundikiwa kwinini saa yake ya mwisho, akafa, kijiji kizima kimeona nini? Kimeona sindano, halafu maiti. Upande wa pili, degedege la homa mara nyingi hutulia lenyewe ndani ya dakika chache. Mganga kamfukiza mtoto, kamwogesha majani, mtoto katulia na kuomba maji. Nani atamwambia mama yake kwamba mganga hakufanya kitu? Watafiti waliochunguza degedege huko huko Bagamoyo miaka ya 1990 waliyaandika mambo haya, na aliyekaa na akina mama hakuwa na sababu ya kuyashangaa.

Kilichonifungua macho ni kwamba wazazi wengi hawakuwa wamemchagua mganga wakaiacha zahanati. Waliziweka tiba mbili kwa zamu: kwanza degedege litulie, kisha mtoto apelekwe akatibiwe homa. Kwa hiyo kuwahubiria waache waganga kulikuwa kupoteza muda. Kilichotakiwa ni ile zamu ya kwanza iwe fupi.

Kulikuwa na mzee mmoja ng'ambo ya mto aliyesifika kwa degedege. Watoto walitoka vijiji vya mbali kupelekwa kwake. Nikamwomba mwenyekiti wa kitongoji anipeleke, kwa sababu hapa kwetu huendi kwa mtu wa namna ile bila mtu wa kukutanguliza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kunikamata?"

Hakuwa anatania. Miaka ile waganga wengi walikuwa hawajui sheria inawatambua au inawatafuta. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, ikaunda baraza la kuwasajili, lakini karatasi huchukua muda kuvuka mto. Nikamwambia nimekuja anionyeshe anavyowatibu watoto, maana wanaotoka kwake wanakuja kwangu, na wanaotoka kwangu wanakwenda kwake, na sisi wawili hatujuani.

Akanionyesha. Sufuria nyeusi ya majani ya kuogeshea. Kifurushi cha kinyesi cha tembo kilichokauka, kilichookotwa upande wa Saadani, cha kufukizia. Wembe uliofungwa kitambaani, wa chale. Na chupa ndogo ya maji ya mizizi, ambayo mtoto hunyweshwa kwa kijiko. Hiyo chupa ndiyo iliyonitisha kuliko kinyesi cha tembo. Mtoto aliyekakamaa hamezi. Ukimtia kimiminika mdomoni, kinateremkia mapafuni, na hata degedege likiisha unabaki na mtoto anayepumua kwa shida kwa sababu nyingine kabisa.

Tukazungumza mpaka jua likainama. Kuogesha, sikuona tatizo: maji yalikuwa ya uvuguvugu, na majani yale hayakuwa na ubaya kwa nje. Mafusho yafanyiwe uani, isiwe ndani ya kibanda kilichofungwa mlango. Wembe aliuacha kwa urahisi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu habari za UKIMWI zilikuwa zimeshafika na yeye mwenyewe alikuwa anaogopa damu. Cha kunywesha, tulibishana. Alisema bila hicho dawa haijakamilika. Mwisho tukakubaliana anaweza kumpaka nyayoni na kifuani, mdomoni hapana, mpaka mtoto awe ameamka na ameomba mwenyewe. Alazwe ubavu. Na kabla hajaanza kuogesha, amtume mtu akatafute baiskeli.

Naye alikuwa na masharti yake. La kwanza, tusimtukane mbele ya akina mama. La pili, tusikate kamba. La tatu ndilo lililonipiga: tumwambie mtoto ameendeleaje. Kwa miaka yote aliyofanya kazi ile, alisema, watoto aliowaruhusu kwenda hospitali ni kama wametumbukia kisimani. Hakuna aliyewahi kurudi kumwambia yupi amepona na yupi amezikwa, isipokuwa apite mwenyewe msibani.

Tukatengeneza vikadi. Vilikuwa vipande vya jalada la faili, vimegongwa muhuri wa zahanati. Mzee hakujua kuandika, kwa hiyo kadi yenyewe ndiyo iliyosema: mtoto huyu katoka kwa fulani, mpokee asipange foleni. Muhuri ule ulimpa heshima kuliko nilivyofikiria. Niliambiwa alikuwa anawaonyesha wageni. Wakubwa fulani wilayani hawakufurahi. Niliulizwa kwa nini muhuri wa serikali unatembea kwa waganga. Nilijibu kwamba unatembea ili watoto wafike.

Nao walianza kufika mapema. Wanaletwa wamelowa bado, majani yameng'ang'ania nywele, joto la mwili liko juu lakini wanalia, na mtoto anayelia ni mtoto ambaye una nafasi ya kumtibu. Kamba tuliiacha mkononi na mshipa tukautafuta mkono wa pili.

Baadaye tuliongeza sukari. Mtoto mwenye malaria kali sukari ya damu hushuka, na hilo peke yake linaweza kumzimisha. Tuliwafundisha waganga na wahudumu wa afya wa vijiji: degedege likishakoma na mtoto amelegea hajielewi, chukua kijiko cha chai cha sukari, kiloweshe kwa matone ya maji, weka chini ya ulimi, na njiani rudia kila baada ya dakika 20. Hilo walilipokea bila ubishi. Kila nyumba ilikuwa inajua sukari, na ilionekana kama dawa ya mganga kuliko ya nesi.

Jambo la fedha lilizungumzwa kwa kunong'ona, ila lilikuwepo. Mganga ana ada ya kuanza na ada ya kumaliza, na ya kumaliza hulipwa mgonjwa akipona. Ukimwambia apeleke mgonjwa hospitali mapema, unamwambia aache riziki yake. Kwa hiyo familia ziliendelea kumpa kuku wake mtoto akitoka wodini. Mwenzangu mmoja alikasirika sana: dripu tumetundika sisi, usiku tumekesha sisi, kuku anakula yeye. Mimi niliona kuku mmoja ni bei rahisi mno kwa mtoto aliyefika saa sita kabla ya ambavyo angefika.

Dawa za malaria zilibadilika mbele ya macho yetu. Klorokwini, iliyokuwa inawawasha watu mwili mzima mpaka wakaikimbia, iliachwa mwaka 2001, ikaja dawa nyingine iitwayo SP, kisha mwaka 2006 sera ikahamia dawa mseto. Kila badiliko lilinigharimu maelezo. Waganga waliuliza swali la haki: kama ile ya jana ilikuwa nzuri, kwa nini mmeitupa? Nikawaeleza usugu, yaani vijidudu kuizoea dawa. Walielewa haraka kuliko wanakamati wa afya, kwa sababu nao wana miti ambayo wanasema "imezoeleka".

Mwaka 2015 mwanasayansi wa China, mama Tu Youyou, alipopewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya artemisinini, ile iliyomo ndani ya dawa mseto na inayotoka kwenye mmea wa artemisia, nilipata hadithi ya kwenda nayo kikaoni. Niliwaambia mama huyu alipekua vitabu vya kale vya waganga wa kwao, akakuta maagizo ya karne ya 4 ya mganga aitwaye Ge Hong: loweka konzi ya majani katika maji, kamua, unywe. Hakuandika chemsha. Hapo ndipo alipogundua kwamba moto ulikuwa unaua nguvu ya dawa, akatafuta namna ya kuitoa bila joto kali. Kikao kilichangamka. Mzee wa degedege akasema, "Kwa hiyo dawa yenu mseto ni ya mganga." Nikamwambia ndiyo, ni ya mganga, ila imepimwa.

Hapo tukaingia kwenye kipimo, na mazungumzo yale nimeyakumbuka kuliko semina yoyote niliyolipwa posho. Mama mmoja muuza dawa alisema gome analobandua masika halina ukali sawa na la kiangazi, na mti wa bondeni si sawa na wa mwinuko. Kwa hiyo huonja kwanza ulimini ndipo aamue konzi moja au mbili. Nikamuuliza: na mgonjwa akiwa mtoto? Akanyamaza kidogo, akasema kwa mtoto hupunguza kwa kukisia. Hakuna aliyemsuta. Sote mle ndani tulijua kukisia ni nini. Hata zahanati, mizani ikiharibika, tulikuwa tunakisia uzito.

Hadithi ya mama Tu ilinizalia kazi nyingine. Haikupita muda, mtu mmoja akapanda artemisia, ambayo wengi huiita pakanga, akawa anauza majani yake kama chai ya malaria. Ikabidi nirudi. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa malaria: dawa iliyomo ni kidogo na haina uhakika, inapunguza vijidudu bila kuwamaliza, na vijidudu walionusurika ndio wanaojifunza usugu. Alinisikiliza kwa adabu na kuendelea kuuza. Siku hizi anaiita chai ya kuongeza kinga.

Kwa wakunga wa jadi ilikuwa habari nyingine. Pale hapakuwa na shetani wa kuzungumza naye. Palikuwa na dawa ya kuongeza uchungu. Kuna mizizi ambayo bibi humpa mama ili njia ifunguke upesi, na baadhi yake ina nguvu kweli. Hiyo ndiyo shida yake. Mji wa mimba unabana mfululizo bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na mama aliyezaa mara nyingi au mwenye kovu la upasuaji mji unaweza kuchanika. Hospitali nako tuna dawa ya kazi hiyo hiyo, lakini inaingia tone kwa tone na mtu amesimama anahesabu, na mambo yakiharibika tunaifunga. Mzizi ukishanyweka, haufungwi.

Nilikuwa naweka mkono juu ya tumbo na kulikuta gumu kama ubao, halilegei, na mama mkwe amesimama dirishani anatazama pembeni. Nikiuliza kwa ukali, hakunywa kitu. Nikiuliza nikiwa peke yangu na mama, nimemshika mgongo, anakwambia: "Bibi alinipa kikombe alfajiri." Kutoka hapo unajua gari la wagonjwa liitwe sasa hivi au tungoje.

Kilichotusaidia ni kumruhusu bibi aingie leba. Kanuni za watu fulani zilikataa, chumba kilikuwa kidogo, lakini tulimwingiza. Anamkanda mama kiuno, anamwambia maneno anayoyajua, na mimi ananieleza kwa kinywa chake alichompa na saa ngapi. Na tukawapa kondo. Hilo ni jambo ambalo halikuwa kwenye mwongozo wowote niliousoma, na ndilo lililowabakisha wengi nyumbani: kondo likibaki zahanati linatupwa kwenye shimo, wakati familia ina mahali pake pa kulizika, na mtu wa kulizika, na sababu. Tukawa tunalifunga kwenye mfuko, tunamkabidhi bibi, anaondoka nalo kwa heshima zote. Baada ya hapo, mabibi wenyewe ndio waliokuwa wanatuletea wajawazito.

UKIMWI ulitufundisha kwa bei kubwa zaidi. Kabla ya mwaka 2004, ambapo dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali, tulikuwa tunampa mtu majibu kisha hatuna cha kumpa mkononi. Majirani zetu wa Tanga walikuwa wameshaona mbali: tangu miaka ya 1990 kulikuwa na ushirikiano wa madaktari wa Hospitali ya Bombo na waganga, wagonjwa wakipewa mitishamba kwa fangasi za mdomoni, mkanda wa jeshi, kuharisha na kukosa hamu ya kula. Hawakudai wanaua kirusi. Walimpa mgonjwa nafuu na mtu wa kumtembelea, na dawa zilipofika, kulikuwa na watu wanaojua nani anaumwa yuko nyumba ipi.

Halafu likaja la Loliondo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu, Ambilikile Masapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alivuma kwa kutoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita. Wakubwa walikunywa, picha zikatoka magazetini, na kwetu watu wakauza mbuzi wapate nauli. Kikombe chenyewe hakikunitisha sana. Nilichoogopa ni waliorudi wakisema wamepona, wakaacha vidonge. Wengine walirudi kliniki baadaye wamekonda, wanaona haya, na baadhi walirudishwa wamebebwa. Tuliokuwa tumewaambia mapema "nenda, kunywa, lakini vidonge usiache hata siku moja" tuliwaona wakirudi mapema kuliko wale walioambiwa "ukienda usirudi hapa". Babu alifariki mwaka 2021, na wapo wagonjwa wangu ambao mpaka leo wanaamini kikombe kile kiliwasaidia. Siwabishii. Nauliza tu kama wamemeza cha jana usiku.

Mpaka nilikuwa nao, na sikuuficha. Mganga anayesema "jirani yako ndiye aliyekuroga" sikukaa naye kikao kimoja. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi mwaka 2015, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipotutia aibu mbele ya dunia, lakini hata kabla ya hapo vijijini tulijua nani anatibu na nani anachonganisha. Wakata vimeo, wanaokata kile kinyama kinachoning'inia kooni, nao tulishindwana nao. Mtoto anakohoa siku nyingi, anakatwa kimeo kwa kifaa kilichokata watoto wengine asubuhi hiyo hiyo, kisha analetwa anatoka damu, na nimonia yake iko pale pale. Hapo hapakuwa na cha kugawana zamu.

Na wapo hawa wapya wa mijini, wenye kipaza sauti na chupa zilizobandikwa karatasi ya rangi: sukari, presha, nguvu za kiume, uvimbe wa kizazi, chupa moja. Hao siwaweki kapu moja na mzee wa ng'ambo ya mto. Mzee akimwua mtoto wa mtu, atakutana na baba yake kisimani kesho. Mwenye kipaza sauti kesho yuko stendi nyingine. Mgonjwa wa kisukari anayekunywa unga wa mlonge juu ya vidonge vyake bila kumwambia mtu anaweza kuangushwa na sukari iliyoshuka mno, na anapoletwa hajitambui, chupa imefichwa kabatini.

Kuna lawama moja ambayo mzee aliitoa na sikuwa na jibu zuri. Alisema: "Mimi nakuletea wagonjwa. Wewe umeniletea nani?" Ni kweli. Rufaa yetu ilikuwa na njia moja tu. Tukaanza kufikiri ni wagonjwa gani ambao sisi tumewaambia "rudi nyumbani" kwa sababu tumeishiwa. Baba aliyepooza upande mmoja, ambaye mtaalamu wa mazoezi alikuwa mbali na nauli haipo: bibi mmoja mkandaji akawa anamkanda na kumnyoosha kila siku, tukamwonyesha viungo gani asivivute kwa nguvu. Mjane asiyelala, ambaye vipimo vyote vilitoka safi na tulikuwa tunampa vidonge vya usingizi kwa kukosa la kufanya: walimfanyia kisomo, ndugu wakakusanyika, mambo ya urithi yaliyokuwa yamefichwa yakasemwa. Akalala. Mgonjwa wa kifafa ambaye familia iliamini vidonge ni vya muda: mganga alipomwambia "dawa yangu haifanyi kazi bila ile ya zahanati", alimeza fenobabitoni bila kukatiza, jambo ambalo mimi nilikuwa nimemwambia mara nyingi nikaambulia kuitikiwa tu.

Waliniuliza pia kama tukijua miti yao tutaipeleka Muhimbili tukatengeneze vidonge tutajirike. Muhimbili kuna watu wanaochunguza dawa za asili tangu mwaka 1974, kwa hiyo hofu haikuwa ya kubuni. Niliwaambia sihitaji kujua mti. Ninataka kujua mgonjwa kanywa nini kwa jina lolote mnaloliita, kiasi gani, na saa ngapi. Wakakubali. Siri ya mti ilibaki kwao.

Rejesta yetu ya wagonjwa wa nje, kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa serikali wa takwimu za afya, haikuwa na safu ya dawa ya kienyeji. Nilikuwa naandika pembeni kwa kalamu ya risasi: "m/sh asubuhi, kikombe 1", yaani mitishamba. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza maandishi yale ni ya nini, nikamweleza, akasema nisichafue kitabu. Niliendelea. Mwaka 2024 serikali ilipozindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mabinti na vijana wa kijijini waliochaguliwa walipita kwangu kuniamkia, na nilichowaambia kilikuwa kuhusu namna ya kuuliza. Ukisema "mmempa dawa za kienyeji?" utajibiwa hapana, maana swali lenyewe limebeba fimbo. Uliza "nyumbani mmemsaidia na nini?" Kila nyumba imesaidia na kitu. Anayejibu mara nyingi si mama wa mtoto, ni bibi aliyesimama nyuma yake, kwa hiyo hata chumba kikiwa kidogo, usimtoe bibi nje.